Steling, Mwizi na Mtafsiri: Kuitazama Upya Super Fly

Wasomaji wengi wa jarida hili ni watu wa kisiwani, na mtu wa kisiwani akitaja sinema huwa na jengo kichwani mwake: Majestic, Empire au Cine Afrique, lenye ukumbi wa kudumu, pazia jeupe na tiketi ya karatasi. Sisi wa Ujiji na Kigoma, hasa wa rika langu, tulikuwa na banda. Lilijengwa kwa mabati na magunia, lina mabenchi yasiyo na egemeo, televisheni moja na deki moja, na jenereta lililofungwa mbali nyuma ya mwembe ili mngurumo wake usiimeze sauti ya picha. Juu ya hayo yote alikuwapo mtafsiri. Tukitoka usiku, tuliziona karabai za wavuvi wa dagaa zimetanda ziwani hadi upande unaodhaniwa kuwa Kongo, nasi tukarudi nyumbani tukiigiza ngumi.

Katika banda hilo ndimo nilimoiona Super Fly, mwaka 1989, nikiwa na miaka 19. Ndimo pia nilimofanya tafsiri yangu ya kwanza mbele ya watu, miaka mingi kabla sijathubutu kugusa shairi la mtu mwingine. Niliifanya vibaya. Uhakiki huu unahusu filamu hiyo na filamu za jamii yake, yaani picha za bei ndogo za Marekani zilizosimulia biashara ya dawa za kulevya. Lakini siwezi kuzihakiki kwa haki bila kulihakiki neno moja lililotoka kinywani mwangu usiku ule.

Kwanza tuzifahamu zilikotoka. Sinema ya kutazamwa mtu akiwa ndani ya gari lake ilianza Camden, katika jimbo la New Jersey, mwezi Juni 1933. Kufikia mwaka 1958 viwanja vya namna hiyo vilipita 4,000 nchini Marekani. Viwanja vingi vilihitaji picha nyingi, tena za haraka, na vijana waliokuwa ndani ya magari hawakudai waigizaji wenye majina. Kampuni kama American International Pictures, iliyoundwa mwaka 1954, zilielewa mahitaji hayo mapema: tangazo likabuniwa kwanza, kisa kikafuata, na kamera ikaingia kazini kwa wiki mbili au tatu. Kilichotafutwa ni kitu ambacho studio kubwa zilikionea haya au zilikiogopa. Miaka ya 1950 kilikuwa majitu na pikipiki; mwishoni mwa miaka ya 1960 kikawa bangi na vidonge; na baada ya mwaka 1971, Shaft ya Gordon Parks ilipoonyesha kuwa watu weusi wa mijini watajaza kumbi wakionyeshwa shujaa anayefanana nao, kikawa unga wa Harlem.

Dar es Salaam nayo ilipata uwanja wake wa magari, pale Msasani, mwaka 1966. Wenyewe waliuita Drive-In. Sisi tuliokuwa tukisikia habari zake kwa abiria wa treni tulisema draivini. Mwaka uliofuata likatangazwa Azimio la Arusha. Wapo wanaoona kichekesho hapo, kwamba nchi iliyojitangazia ujamaa ilikuwa na sinema ya wenye magari. Mimi sioni kichekesho kikubwa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na mtu aliyetaka kuona picha inayotembea, awe mkurugenzi au utingo, alikuwa na pazia lilelile tu. Uwanja ule haupo tena. Ubalozi wa Marekani ndio umejengwa mahali pake. Jambo hilo ningeliacha bila kulisema, isipokuwa kila nipitapo barabara ile huwa nakumbuka kwamba Wamarekani wa kwanza tuliowafahamu kwa sura walitoka kwenye pazia, na wengi wao walikuwa na bastola.

Sasa nije kwenye Super Fly. Ilitoka mwaka 1972. Mwongozaji wake ni Gordon Parks mdogo, mwana wa yule wa Shaft. Mwandishi ni Phillip Fenty. Steling ni Ron O'Neal. Gharama zake hazikufika dola nusu milioni, na sehemu ya fedha ilichangwa na watu weusi wenyewe kabla studio ya Warner haijainunua na kuisambaza. Kisa chake chaweza kuelezwa kwa pumzi moja. Kijana wa Harlem aitwaye Priest ameuza kokeini hadi amechoka. Ana gari refu, koti refu, mwanamke mweupe na mwanamke mweusi, na shingoni amening'iniza kijiko chenye umbo la msalaba anachovutia unga wake mwenyewe. Anataka kuacha. Lakini hawezi kuacha akiwa mikono mitupu, kwa hiyo anapanga mauzo makubwa ya mwisho yatakayompa yeye na mwenzake Eddie dola milioni moja. Wanaomzuia si watu wema. Ni maofisa wa polisi ambao ndio wenye mali hiyo. Mwishoni anawazidi akili na kuondoka.

Ukiitazama leo, filamu hii ina mapungufu yanayoonekana kwa jicho la mtoto. Taa hazitoshi. Kuna mahali waigizaji wanangojana kusema kama watu wanaopishana mlangoni. Kuna tendo refu la bafuni ambalo halikuongeza kitu ila muda. Lakini kuna mambo mawili ambayo picha za heshima za mwaka ule hazikuyathubutu. La kwanza ni kwamba biashara imeonyeshwa kuwa biashara: ina mtaji, mgawo, wauzaji wa rejareja na mteja mkubwa serikalini. Kuna mfululizo wa picha za mnato, zisizotembea, zinazoonyesha unga ukipimwa, ukichanganywa, ukifungwa na kuuzwa, hadi unaingia puani mwa watu wa kila rangi na kila kazi. Dakika hizo chache zinaeleza uchumi wa mji mzima bila hotuba. La pili ni swali la Priest mwenyewe: mtu aliyenyimwa milango yote isipokuwa mmoja, akitaka kutoka kwa mlango huohuo, atoke vipi? Mwenzake anamwambia kwamba hawa wazungu wamewaachia mchezo huu mmoja tu. Sijasikia swali hilo likiulizwa kwa unyofu zaidi katika picha zilizogharimu mara 20 ya ile.

Ndiyo maana siwafuati wale walioitupa nzima. Mwaka uleule wa 1972 vyama vya haki za watu weusi vya Marekani viliandamana dhidi yake, na Junius Griffin wa tawi la Hollywood la NAACP akaziundia picha za namna hii jina la kejeli, kuonyesha kwamba Mweusi anatumiwa ili atoe fedha mfukoni mwake mwenyewe. Hoja yao ilikuwa na uzito: muuza unga amevikwa vizuri mno. Kwetu pia hoja hiyo inajulikana, maana ndiyo waliyotupiwa waandishi wa riwaya za upelelezi, akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa, huyu wa pili akiwa mtu wa kwetu mkoani Kigoma. Walimu wetu wa fasihi waliziita pendwa kwa sauti ya mtu anayeokota kitu kwa ncha za vidole, huku wanafunzi wakizisoma chini ya dawati mpaka kurasa zikatoka. Kazi inayopendwa na watu wengi haiwi bora kwa kupendwa, lakini kabla ya kuihukumu ni lazima mhakiki aseme ni mahali gani hasa inaposema uongo. Super Fly inapo mahali hapo, na si kwenye koti.

Ni mwanzoni kabisa. Watu wawili wanatembea katika mitaa ya Harlem kwenye baridi. Nyuso zao zimenyauka. Hawana fedha, na mwili unawadai. Wanamvizia Priest kwenye ujia wa jengo wampore. Anawashinda, mmoja anakimbia, naye Priest anamfukuza, wanapita vichochoro, wanaruka uzio, wanapanda ngazi, hadi yule mtu anaingia chumbani kwake, na chumbani wamo mkewe na watoto. Mbele ya macho yao Priest anampiga teke la tumbo. Mtu yule anatapika. Priest anachukua chake na kuondoka.

Tendo hilo ni zito kuliko yote yanayofuata. Yule aliyepigwa ni mteja. Koti na gari vimetoka kwake na kwa maelfu kama yeye. Filamu imetupeleka hadi chumbani kwake, ikatuonyesha watoto wake, kisha ikafunga mlango, na haikurudi tena hadi mwisho. Kutoka hapo tunaombwa tumwonee huruma muuzaji kwa sababu amechoka.

Nilisema kwamba usiku ule nilikuwa mtafsiri. Mtafsiri wetu wa kawaida, ambaye leo ni mzee nami ninamheshimu, alikuwa na homa. Mwenye banda alikwisha pokea viingilio na hakutaka kuvirudisha. Mkanda ulikuwa umeletwa kwa mtumbwi wa injini kutoka Bujumbura, una maandishi ya Kifaransa chini, na mimi nilijulikana mtaani kama kijana anayesoma kamusi. Nikapewa kipaza sauti. Kiingereza cha Harlem sikukielewa. Kifaransa nilikipata robo. Wale wasioijua kazi hii wafahamu kwamba mtafsiri wa banda hatafsiri sentensi kwa sentensi. Anasimulia, anataja nani ni nani, anaeleza mazingira, anatia mzaha wa mtaani, na anapokwama anasema lolote litakalomfikisha kwenye ngumi. Sanaa hiyo baadaye iliwapa watu majina: Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye sauti yake iliuzwa katika mikanda nchi nzima, DJ Afro wa Kenya, VJ Jingo wa Kampala. Usiku ule mimi sikuwa na jina wala sanaa. Nilikuwa na hofu.

Lilipofika tendo lile la mwanzo nilihitaji neno. Walikuwa akina nani wale wawili? Neno "teja" lilikuwa bado halijatufikia ziwani. "Mvuta bangi" lisingefaa. Bangi tuliijua na haikumnyausha mtu hivyo. Ningeweza kusema "mgonjwa wa unga". Ningeweza kusema "mteja wake", na hilo lingekuwa sahihi kuliko yote, tena lina silabi tano tu. Nikasema: "Mwizi!"

Si uongo mtupu. Yule mtu alijaribu kupora. Lakini neno hilo katika Kiswahili si maelezo tu. Ni ukelele. Mtu akilitamka kwa sauti sokoni Mwanga, hakuna anayeuliza ameiba nini. Watu wanaokota mawe. Kwa neno hilo nilikwisha mhukumu yule mtu kabla hajafika kwa mkewe. Priest alipopiga teke, banda zima lilisimama kushangilia, na watoto waliokuwa pale chumbani hakuna aliyewaona. Mimi mwenyewe sikuwaona. Niliwaona miaka 20 baadaye, nilipoipata filamu katika diski na kuitazama peke yangu.

Niseme sasa jambo ambalo naliona kubwa, na ambalo wahakiki wa Marekani wameligusa kwa upande wao bila kujua lilivyotufika sisi. Nyimbo za filamu hii zilitungwa na Curtis Mayfield, na nyimbo hizo haziafikiani na picha. Picha inasema tazama gari. Mwimbaji anasema mtazame mtoto asiye na mlezi. Picha inamsifu muuzaji. Wimbo unaorudi mara kwa mara unamwacha muuzaji ajisifu mwenyewe mpaka sifa zinageuka ushahidi dhidi yake. Mfano mkubwa ni Freddie. Katika filamu Freddie ni mnyonge anayemfanyia kazi Priest, na alipochelewesha fedha Priest alimtishia kumtoa mkewe barabarani akauze mwili. Polisi wanamkamata, wanampiga hadi anasema, na akijaribu kukimbia gari linamgonga. Filamu inampita na kwenda zake. Mayfield hakumpita. Alimtungia wimbo wa maombolezo, "Freddie's Dead", na ndio uliovuma redioni. Lakini ndani ya filamu wimbo huo hauna maneno. Unasikika muziki mtupu. Maneno ya tanzia yalibaki kwenye sahani ya santuri, yakauzwa dukani.

Kwa hiyo hata Mmarekani aliyeketi garini mwaka 1972 alipata nusu ya hukumu tu, isipokuwa akinunua na santuri. Nusu hiyo nayo, ilipovuka bahari, ilizidi kupungua. Aliyeandika tafsiri ya Kifaransa chini ya mkanda wetu alitafsiri mazungumzo na kuziacha nyimbo, kama wafanyavyo wengi, wakidhani wimbo ni pambo. Mimi nilipoona wimbo umeanza nilishukuru, nikanywa maji. Picha zilifika Ujiji zikiwa nzima, lakini aliyekuwa akizikanusha alifungwa mdomo mara tatu: na mhariri wa filamu, na mfasiri wa Kifaransa, na mimi. (Kwa hesabu ya mbali zaidi, mara nne: mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa kuharibu vijana. Laiti wakubwa wangejua kwamba miaka mitatu baadaye mwimbaji wa soul ndiye atakayekuwa mhubiri pekee katika picha ya wauza unga.)

Kijana aliyekaa benchi la mbele usiku ule alikuwa rafiki yangu tangu madrasa. Jina lake nitalihifadhi. Toka siku ile akajiita Padri, maana ndivyo nilivyolitafsiri jina la Priest, na katika mtaa wa Waislamu watupu jina hilo lilichekesha likamganda. Alikuwa hodari wa kuigiza mwendo wa O'Neal, bega moja limeshuka. Mwaka 1992 alipanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Sitaki msomaji afikiri kwamba picha moja ilimpoteza. Walioiona picha ile bandani walikuwa zaidi ya mia, na wengi leo ni wavuvi, wauza mawese, walimu, mmoja ni imamu. Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa na unga uliokuwa ukishushwa pwani kwa njia zake, ukavutwa kwanza na baadaye ukadungwa, na ulimpata mtu kwa milango mingi isiyo ya sinema. Zanzibar mnayajua haya kwa uchungu wenu wenyewe. Nimezitembelea nyumba za kurekebisha mateja huko Unguja na sina la kuwafundisha.

Alirudi mwaka 2001. Alishuka stesheni ya Kigoma na mfuko mmoja wa plastiki. Mama yake alimfungia ndani siku tisa za arosto, na jirani walisikia. Nilikwenda kumsalimu alipotulia. Tuliongea habari za zamani, na nilipojaribu kumchekesha kwa jina la Padri, alitikisa kichwa.

"Padri nilikuwa zamani, bwana," alisema. "Siku hizi mimi ni yule mwizi wako wa mwanzo."

Alilitumia neno langu. Hakuwa na jingine, kwa sababu sikumpa jingine. Alikuwa na kovu juu ya sikio alilolipata Kariakoo, watu walipompigia ukelele uleule. Alifariki mwaka 2004, na tulimzika Ujiji.

Tangu hapo nimezitazama picha za jamii hii kwa jicho moja: nauliza mteja yuko wapi. Coffy ya Jack Hill, ya mwaka 1973, iliyopigwa kwa siku 18 na kwa dola 500,000 hivi, inaanza vizuri kuliko zote. Pam Grier ni muuguzi. Mdogo wake, mtoto wa miaka 11, ameharibiwa na unga na amelazwa. Kwa hiyo steling anatoka upande wa walioumizwa, na kisasi chake kinapanda ngazi moja moja kutoka kwa muuzaji wa mtaani hadi kwa mwanasiasa aliye mpenzi wake. Hapo filamu ya ovyo, iliyotengenezwa ili wanaume watazame kifua cha mwanamke, inafikia ukweli wa kisiasa ambao magazeti yaliuandika kwa woga. Hata hivyo mtoto yule tunamwona kitandani mara moja, kisha kitanda kinasahauliwa. Bunduki ina mvuto kuliko kitanda. Foxy Brown, iliyofuata mwaka 1974 kwa mkono uleule, inarudia mtindo bila hasira ya kwanza, na sina haja ya kukaa nayo.

Ninayoiweka juu ya zote ni The Harder They Come, ya Perry Henzell wa Jamaika, ya mwaka 1972. Huko Marekani ilisambazwa na kampuni ya Roger Corman, New World, bingwa wa picha za magari, kwa hiyo ni ndugu halali wa hizi nyingine. Ivan, anayeigizwa na mwimbaji Jimmy Cliff, anatoka shamba kuja Kingston, anarekodi wimbo, anapunjwa na mwenye studio, anaingia kubeba bangi, anaua polisi, anakimbizwa. Kiini cha kisa kilikuwa mhalifu wa kweli aliyeuawa na polisi mwaka 1948. Ina mambo mawili yanayonigusa kama mfasiri. Kwanza, watu wake wanasema Kiingereza cha Jamaika, na Marekani iliwabidi waiandikie Kiingereza chini yake. Nilipolijua hilo nilijisamehe kidogo. Pili, kuna tendo ambalo Ivan, siku zake za mwanzo mjini, amekaa katika sinema ya watu maskini akitazama picha ya kauboi wa Kiitaliano, na ukumbi unapiga kelele, unabishana, unamwambia steling la kufanya. Ni banda letu lile. Watu wanajua kanuni: steling hafi mpaka mwisho wa mkanda. Na Ivan, alipozingirwa ufukweni na askari, kanuni hiyo ndiyo inayomrudia kichwani. Anawasikia watazamaji wale wakicheka, naye anatoka kupambana kana kwamba yumo ndani ya picha. Henzell ndiye pekee kati ya hawa wote aliyetia ndani ya filamu yake watu wanaoitazama, akauliza picha inawafanya nini. Hakutoa jibu la mwalimu wa shule. Aliacha risasi zilie, kisha akakata.

Gordon Parks mdogo hakupata muda wa kufika huko. Alikufa mwaka 1979 katika ajali ya ndege Nairobi, alikokuwa amekwenda kutengeneza filamu. Mara nyingine nafikiri kwamba kama angeishi akafanya kazi Afrika ya Mashariki angeweza kuketi siku moja katika banda na kuisikia picha yake ikitafsiriwa. Sijui angecheka au angesimama kuondoka.

Mwaka jana nilijipa kazi ya kuandika upya tafsiri ya Super Fly kwa matumizi ya banda, si kwa kitabu: dakika zile za mwanzo tu, nikiingiza na habari ya wimbo unaosikika, kwa maneno yangu, katika nafasi za kimya. Nikampelekea mtafsiri wetu wa zamani, yule aliyekuwa na homa. Sasa anauza migebuka mikavu Kibirizi, karibu na zinapofunga boti za kwenda kaskazini. Alivaa miwani, akasoma karatasi zangu polepole akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Maneno mengi, mdogo wangu," alisema. "Ukifika hapa jamaa ameshapigwa, ameshatapika."

Nikamwonyesha mahali nilipolifuta neno "mwizi" na kuandika "mteja wake".

Alilitazama. "Sasa hapa watu watauliza kwa nini steling anampiga mteja wake mbele ya wanawe."

"Ndiyo, kaka."

"Na wewe utawajibu nini? Picha ndiyo kwanza imeanza. Imebaki saa moja na nusu, na steling ni huyohuyo."

Nilisema kwamba sina jibu. Alikunja karatasi, akanirudishia, akageuka kumpimia samaki mama mmoja aliyekuwa akisubiri.

"Basi wangedai kiingilio chao," alisema.